Chumba cha Baba Kwenye Kona

Nyumba ya Kona,
Barabara ya Kiwandani.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani? Wifi yangu hajambo? Na wale mapacha, wameanza kuwaacha mlale? Sisi huku tu wazima, isipokuwa kifua cha Mama, ambacho kina siku zake. Leo ni siku nzuri. Asubuhi amenigombeza kuhusu chumvi, kwa hiyo ujue pumzi ipo.

Ningekupigia simu, lakini nakujua. Ungenitania, ningecheka, na jambo lenyewe lingebaki bila kusemwa. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Ulishasikia kwamba uwanja wa kile kiwanda cha nguo kilichokufa utajengwa maghorofa, makazi juu na maduka chini. Ofisi yetu ndiyo iliyopewa kazi ya kupima barabara zitaelemewa vipi: magari yataongezeka kiasi gani, mabasi yatasimama wapi, na gari la zimamoto au la wagonjwa litapita wapi. Kwa kuwa mtaa ni wetu, nilimweleza mkuu wangu mapema. Akasema nipime mimi, atakayeweka sahihi ni yeye.

Kwenye michoro mambo yalikuwa shwari. Mimi michoro siiamini mpaka nione tairi. Tukawaomba zimamoto walete gari lao kubwa jioni, watu wanaporudi kutoka kazini. Dereva wao, ambaye wenzake humwita Taratibu, aliingia vizuri kutoka barabara kuu, akapita duka la dawa, akafika kwenye kona yetu, akakwama. Mbele ukuta, nyuma basi limejaa abiria, na mtaa mzima umegeuka madereva: kata kulia, rudi, kata kushoto! Jirani yetu kinyozi, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, ndiye aliyekuwa na sauti kuliko wote.

Ukuta uliomzuia, Kasuku, ni wa chumba cha nje. Chumba chako. Unakumbuka Baba alivyovuka alama ya kiwanja alipokijenga, nasi tukamtania kwamba amemega barabara ya serikali. Akatujibu kuwa serikali haina mtoto wa kulaza.

Msimamizi wa mradi alikuwepo. Alicheka mpaka gego la mwisho likaonekana. "Sasa, mhandisi," akaniambia, "mimi unanidai lango la pili, unanidai nisogeze kituo cha basi, kumbe kizibo chenyewe kiko kwenu?" Uso ulinishuka. Mkuki kwa nguruwe, ndugu yangu. Nikamjibu, "Chetu tutakiondoa wenyewe. Vyako nitakudai vyote."

Sikusema vile kwa hasira tu. Hukuwepo mwezi uliopita Mama alipobanwa na kifua. Lori la kokoto na basi vilikuwa vimetazamana pale kwenye kona, havipishani, na hakuna aliyetaka kurudi nyuma. Gari la wagonjwa likabaki barabara kuu. Kinyozi na wenzake wakambeba Mama kwenye kiti cha plastiki, mimi nimemshika mkono, vidole vyake vimepoa. Niliogopa, mdogo wangu. Sijawahi kuogopa namna ile. Na hapo hata mpangaji mmoja hajahamia.

Basi nimeamua. Chumba kikibaki, msimamizi atakuwa na kisingizio mpaka siku ya kukabidhi funguo. Kikitoka, hana pa kujificha: atafungua lango la pili upande wa nyuma, atasogeza kituo cha basi kisizibe njia, ndipo ajenge. Mkuu wangu yuko nami. Mafundi wanaweza kuja Jumamosi ya wiki ijayo.

Najua kile chumba ni nini kwako. Najua Baba alibeba matofali yale jioni baada ya kazi, mgongo ukimuuma, ili usisomee mitihani sebuleni kwenye makelele yetu. Dirisha liko upogo mpaka leo. Nililia nilipoingia na utepe wangu. Nililia, lakini nilipima.

Nyumba ni yetu sisi watatu, kwa hiyo sitagusa tofali bila kauli yako. Ila sitakuficha: hata ukikataa, nitaandika kwenye ripoti kwamba gari la zimamoto halipiti, na sababu ni sisi.

Mama nilimwogopa kuliko nilivyokuogopa wewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama mlango wake utasalimika ili tuuweke jikoni, kisha akasema, "Baba yenu angekuwepo, saa hizi angekuwa ameshashika nyundo." Akarudi kuchambua mchele wake.

Shangazi anakusalimu sana. Kinyozi naye anauliza kama huko bado unajinyoa mwenyewe, maana aliona picha yako na akasikitika. Msalimu wifi yangu, na unibusie hao mapacha, mmoja mmoja, wasije wakagombana. Mungu awalinde huko mliko, awape afya na usingizi, na atukutanishe tukiwa wazima.

Nipigie ukimaliza kusoma. Mama ameshasema. Mimi nimeshasema. Umebaki wewe, mwenye chumba.

Dada yako akupendaye,
Sajini, kama ulivyonibatiza mwenyewe.