Mzee Amepewa Dawa

Jumamosi, Novemba 2007. Mawingu tangu asubuhi, joto la kukera, mvua hainyeshi. Naandika kwenye intaneti kafe ya Chikongola. Nimekuja kwa miguu.

Pikapu yangu imenoki. Ndiyo inayotulisha, kwa abiria na mizigo ya Kilambo mpakani, na nyumbani tunaiita Mzee kwa jinsi inavyokohoa ikipanda mlima.

Shemeji yangu wa Dar alimtumia mke wangu chupa ya dawa ya injini. Unaimimina kwenye oili, inapaka vyuma utando kwa ndani visisagane, na gari halili sana mafuta. Maandishi yote Kichina. Juzi nikaimimina, kisha nikasita: niwashe au niache itulie? Maelezo alikuwa nayo mke wangu, kapewa na kaka yake huyo. Ni nesi, nikampigia akiwa wodini.

"Mzee nimeshampa dawa. Apumzike au aendelee na kazi?"

"Apumzike, Baba Neema. Asiguse kazi yoyote mpaka kesho."

Nikaipumzisha.

Jana, kabla sijafika Kilambo, injini ikaanza kugonga, ikazima. Fundi alipofungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, akakuta dawa imetuama, nzito kama uji uliolala, imeziba chujio. Oili haikupanda. Akasema dawa ile unaimimina injini inanguruma na unaondoka nayo papo hapo.

Jioni mke wangu alirudi kutoka kazini, akamsalimia baba yangu, tunayeishi naye Magomeni ya huku kwetu, si ya Dar, na ambaye wiki hii anatumia dawa ya kikohozi.

"Shikamoo, baba. Jana ulipumzika vizuri?"

"Marahaba. Nipumzike kwani nimefanya nini? Jana nilishinda shamba."

Mke wangu akanigeukia. Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaona nguo zangu zilivyojaa oili, kicheko kikakatika.

Nilikuwa na hasira, nakiri. Ila sikuona wa kumkasirikia.

Usiku kucha hakulala, na leo asubuhi alinywa chai bila kuniangalia. Majirani wakiuliza, najibu kwamba dawa ilikuwa feki. Shemeji akinisikia atanisamehe.

Fundi alishaniambia injini ile imekwisha, haifufuki. Mke wangu nimemwambia inatengenezeka, ni suala la kusubiri spea tu. Akashusha pumzi, akaenda kazini. Blogu hii hasomi.

Jumatatu nitashuka bandarini kuomba kibarua cha kubeba magunia ya korosho. Nitaondoka saa ile ile ninayoondokaga na Mzee, nikimwambia mke wangu naenda kwa fundi.