Bilauri ya Mama

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, maana hapa maabara niko peke yangu na friji la sampuli, nalo halijui kujibu. Mimi ni binti niliyesomea mazingira ya maji baridi, yaani mito, maziwa na visima, na sasa nafanya utafiti wa shahada ya uzamili, kutwa nachota maji, nayaangalia kwenye mwanga, nayanusa, napima, na kazi hii niliichagua kwa sababu mdogo wangu alifariki kwa kuharisha akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, wakati ule mtaa mzima tukinywa kisima kilichokuja kufungwa baadaye, ila hayo ni ya zamani, tuyaache.

Shida yangu ni mama. Likizo iliyopita nilifika nyumbani na kiu, akanipa maji kwenye bilauri yangu ya tangu utotoni, na kabla sijafikiri mkono ukainyanyua dirishani, nikayanusa, ndipo nikanywa, nakuapia ni mazoea ya kazi tu, maji yenyewe yalikuwa safi na yamechemshwa, lakini mama aliichukua ile bilauri akaenda kuiosha, na tangu siku hiyo nikienda nawekewa maji ya chupa kwenye sinia kama mgeni, jikoni siitwi, umbea sipewi, na nikipiga simu anauliza masomo kisha anampa baba. Dada anasema nimeleta maringo ya chuo. Nilimweleza mama kwamba ule ni utaratibu wa kisayansi, akanijibu, "Sawa, daktari." Mshauri, kwake mimi ni Chiriku, hajawahi kuniita vingine. Nimekonda kwa upweke. Nifanye nini?

Chiriku Asiye na wa Kuongea Naye

Chiriku, pole sana mwanangu. Lakini ngoja nikugombeze kidogo, kwa sababu unaona vijidudu ambavyo sisi wengine hatuvioni, na mama yako mzazi hukumwona.

Umenitajia kifo cha mdogo wako, kisha ukasema tuyaache. Mama yako ameyaacha? Nani alikuwa akimnywesha maji yule mtoto, kama si yeye? Amekaa na swali hilo miaka yote, halafu binti yake aliyesomea maji anasimama dirishani na bilauri. Maringo yametoka wapi hapo? Alidhani umekuja na jibu. Chupa unazowekewa ni woga, asije akakupoteza na wewe. Nawe ukamjibu kwa utaratibu wa kisayansi. Jamani.

Sasa nisikilize. Haya si ya kwenye simu. Nenda mwisho wa wiki hii, friji litajilinda. Chupa iache kwenye sinia, ingia jikoni bila kuitwa, chota maji yake, unywe palepale huku ukimtazama yeye. Kisha mtaje mdogo wako kwa jina. Mkumbushe kwamba kisima kile mlikinywa wote, hakuna aliyejua, na umwambie bila hotuba, "Mama, hukumuua wewe."

Akilia, usimnyamazishe haraka, nawe una lako la kulia. Mkimaliza, mwombe maji mengine.