Moshi wa Pikipiki ya Baba

Jumatatu, 10 Juni 1996

Mikate imechelewa tena. Ami Swaleh, ndugu yake Baba, aliipakia kwenye pikipiki ya Baba baada ya alfajiri, akaikanyaga mpaka jasho likamtoka. Ikawaka, ikakohoa, ikazima palepale mlangoni. Moshi mzito, mweusi. Tuliisukuma hadi Ndia Kuu na nikachelewa shule.

Mama amekaa eda, hatoki nje. Yeye huoka mkate wa sinia, Ami huupeleka madukani, huku mjini na Buxton. Zamani alikuwa akipeleka Baba. Pikipiki ikifa hatuna njia nyingine ya kula. Naandika hapa kwa sababu nyumbani hakuna anayelisema.

Jumatano, 12 Juni

Fundi Kazungu wa Buxton amefungua plagi. Nyeusi kama mkaa. Akauliza ni oili gani inayotiwa. Ami akasema ya gari, tena ile nzuri.

Fundi akacheka. "Bwana Swaleh, gari huweka oili yake chini ikazunguka. Haka kadogo hunywa oili pamoja na petroli, huichoma yote. Wewe wakapa haka mchuzi wenye mifupa." Kisha akauliza marehemu alikuwa akitia gani.

Ami hajui. Mama hatukutaka kumuuliza. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia Baba faneli chini ya ngazi alipokuwa akichanganya. Jina la oili silijui. Harufu naijua.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeupata mkebe chini ya ngazi, nyuma ya majembe. Kutu imekula maandishi yote. Ndani imebaki kidogo, haijai hata kikombe.

Nilipoufungua, harufu ikanijaa puani. Kama sukari inayoanza kuungua. Kola za Baba zilinuka hivyo hata zikifuliwa.

Mama akiwa edani hafukizi udi, havai asumini, hajipaki chochote. Nyumba yetu haina harufu tangu Baba atutoke. Sikuwa nimeligundua hilo mpaka leo. Nikaufunga mkebe upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chenye watu.

Jumamosi, 15 Juni

Duka la spea, na Ami. Nilifunga tone la oili ya Baba kwenye kitambaa. Mwenye duka akanishushia mikebe, mmoja baada ya mwingine. Kwanza niliangalia maandishi: iwe ya kuchanganya na petroli, si ya gari. Halafu nikanusa.

Mwenye duka akasema, "Binti, hii ni oili, si halua. Wainusa ya nini?"

Ami akasema, "Mwache. Huyu ndiye fundi wetu."

Mkebe wa mwisho ulikuwa ndio wenyewe. Machozi yalinitoka mbele ya watu. Niliona haya. Tulinunua mikebe miwili.

Jumapili, 16 Juni

Fundi amemwaga petroli yote, ameosha tangi, ameweka plagi mpya. Akanionyesha kipimo cha kuchanganya. Ikawaka mara ya kwanza kukanyagwa. Sauti ni ileile ya Baba. Ami alifurahi kama mtoto. Nami nilifurahi. Nilifikiri mambo yamekwisha.

Jumatatu, 17 Juni

Ami alirudi na sinia tupu kabla ya magharibi, saa ya Baba kurudi. Uchochoro wetu ni mwembamba. Moshi hauna pa kwenda, hupanda ukutani ukaingia dirishani kwetu.

Mama alikuwa akikoroga unga. Akaacha mwiko. Akashuka ngazi pekupeku, kichwa wazi, akafungua mlango mkubwa, akatoka nje hadi kwenye pikipiki.

Akasema, "Umechelewa leo."

Ami hakujua aweke wapi macho. Jirani wa mbele akafunga dirisha lake polepole. Nilimshika Mama mkono, nikamrudisha ndani. Mkono wake ulikuwa wa moto.

Naogopa.

Jumatano, 19 Juni

Jana ilikuwa hivyohivyo, ila nilisimama mlangoni asitoke. Leo alipika kahawa mapema, akaweka kikombe upande wa Baba. Moshi ulipoingia akatabasamu. Sijamwona akitabasamu tangu msiba.

Majirani wanasema amevunja eda.

Darasani tulisoma msuguano. Mwalimu alieleza kwamba oili hukaa kati ya vyuma viwili visiumane. Sikuandika kitu.

Alhamisi, 20 Juni

Kikombe tena. Kahawa ilipoa, nikaimwaga mimi.

Ijumaa, 21 Juni

Nilipita kwa Fundi Kazungu baada ya shule. Nikamuuliza kama ipo oili nyingine inayoifaa pikipiki sawasawa na ile. Akasema ipo, nyekundu, moshi wake mwepesi, hainuki kitu. Ila zisichanganywe. Tangi limwagwe kwanza.

Hakuuliza sababu. Ami naye hakuuliza. Nimechagua mimi, tangi likamwagwa, ikatiwa nyekundu. Mikebe ya Baba nimeirudisha chini ya ngazi, nikaifunika gunia.

Jumatatu, 1 Julai

Pikipiki ni nzima. Plagi ni ya rangi ya kahawia, fundi anasema ndivyo inavyotakiwa. Mikate inafika mapema. Duka moja la Buxton limeongeza oda.

Mama hashuki tena. Kikombe hakiwekwi. Chakula pia hali. Ami akirudi, yeye hukaa dirishani ananusa hewa.

Jana aliniuliza, "Haji tena?"

Nikasema, "Ni Ami, Mama."

Akasema, "Najua ni Ami."

Mazikoni sikwenda, wanawake hatuendi. Lakini mara hii nimemzika kwa mkono wangu mwenyewe. Sijui kama nimetenda vyema. Naomba Mungu Mama ale.

Jumapili, 14 Julai

Amekula nusu sahani ya wali. Hakuna zaidi.

Jumatano, 7 Agosti

Eda imekwisha. Mama ameoga, amevaa leso mpya, amefukiza udi. Nyumba nzima inanukia. Mashangazi walikuja, wakacheka, wakalia, wakaenda zao.

Kisha alishuka moja kwa moja mpaka chini ya ngazi, akaondoa gunia, akanipa mkebe. Alikuwa akijua siku zote.

"Mwambie ami yako atie hii. Tumeinunua, na oili ikikaa huharibika."

Niliangalia uso wake. Ulikuwa umechoka, lakini ulikuwa hapa pamoja nami.

Tangi likamwagwa. Kabla ya magharibi pikipiki ilisikika ikikata kona. Moshi mtamu ukapanda, ukachanganyika na udi. Mama alikuwa akipaka sinia samli. Hakuinua kichwa.

Mimi ndiye niliyekwenda mlangoni.