Fremu ya Duka na Goti la Mama

Jumamosi, 28 Machi
Nimesugua stoo tena. Harufu ya kuku wa mwenye nyumba wa zamani haitaki kuhama. Sawa tu. Nyumba yangu, Segerea. Naiandika kwa sababu napenda kuiona imeandikwa. Mjane wa kupanga chumba Mikocheni miaka yote ile, leo nasugua kwangu. Alhamdulillahi.

Ila ina vituko. Mbele kuna fremu ya duka inayotazama barabara, nami sina mpango wa kuuza hata kiberiti. Na mlango wa uani, ndio tunaoingilia, una kizingiti cha zege kinachonifika gotini. Aliyejenga alikuwa anamzuia nani, mbuzi?

Jumatano, 1 Aprili
Mama amefika kutoka Newala. Goti la kushoto halikunjiki kabisa. Nimembeba kumvusha kizingiti, mkongojo ukaanguka, watoto wa jirani wakacheka. Alipomaliza chai akasema:

"Mwanangu, mie sibebwi kama gunia la korosho kila nikitaka kuota jua. Nikipumzika narudi kwangu."

Kwake yuko peke yake. Mwaka jana alianguka uani akalala hapo hapo mpaka mpita njia alipomsikia. Sitaki arudi. Sitaki kabisa.

Jumamosi, 4 Aprili
Nimeazima nyundo na tindo, nimekivunja kizingiti mwenyewe. Viganja vimechubuka. Raha tupu. Mama akatoka, akaingia, akatoka tena, ananicheka nilivyojaa vumbi.

Bi Zuhura, jirani wa ukuta kwa ukuta, akasimama kutazama kifusi. "Umevunja na masika haya, mdogo wangu? Ulimuuliza mtu?" Nimuulize nani, na nyumba ni yangu?

Jumanne, 7 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Maji ya barabarani yakashuka uani, yakaingia ndani bila hodi. Unga, kapeti, godoro langu. Mama juu ya kitanda anavuta uradi.

Bi Zuhura alikuja na viroba vya mchanga, kajifunga khanga kiunoni, tukaziba mlango. Hakusema "nilikwambia". Nitamshukuru mpaka nife. Ndiye aliyenieleza: barabara imejazwa kifusi mara nyingi mpaka ikapanda, nyumba za upande wetu zikabaki shimoni. Kila mlango wa uani hapa una kizingiti. Nilipita nikiviona kila siku, nikadhani ni fasheni ya mtaa.

Mama anataka kuondoka wiki ijayo. Nimelia chooni.

Jumatano, 8 Aprili
Kizingiti kikirudi, Mama anaondoka. Kisiporudi, tunaogelea. Godoro halikauki.

Ijumaa, 10 Aprili
Nimepandisha unga uliopona kwenye fremu, kwa zile ngazi za ukumbini. Sakafu kavu, hata tone. Bila shaka: duka lilijengwa juu, usawa wa barabara, mteja asipande wala asishuke. Mlango wake hauhitaji kizingiti. Nimesimama pale na unga mkononi nikicheka peke yangu.

Jumapili, 12 Aprili
Mama amenipa wiki moja zaidi. Bi Zuhura kachanganya zege nami. Kizingiti cha uani kimerudi. Kifusi cha kile cha zamani nimekishindilia kwenye ngazi za kushukia kutoka fremu kwenda ukumbini. Mteremko, mpaka karibu na choo. Nilipoupima kwa mkongojo ukateleza. Mkali mno. Nikaurefusha, nikamwaga zege juu, nikaukwaruza kwa ufagio wa chelewa kabla haujashika. Bomba kuukuu la maji limekuwa la kushikia. Kaunta nimeikata miguu, sasa ni benchi la dirishani. Mgongo wote unauma. Nina furaha.

Jumapili, 19 Aprili
Mama amehamia kwenye fremu. Mvua ilinyesha sana jana, maji yakaishia kwenye kizingiti.

Watu wanagonga dirisha wakidhani duka limefunguliwa.

"Shikamoo bibi, sukari ipo?"

"Marahaba. Sukari hamna. Mama yako hajambo?"

Anaujua mtaa kuliko mimi. Anatoka hadi barabarani kwa mkongojo wake, anarudi, haombi mkono wa mtu. Habari ya kuondoka hajaitaja. Naogopa kuuliza.

Jumamosi, 2 Mei
Jua limetoka. Mjomba kapiga simu kutoka Masasi, anauliza Mama anarudi lini ili apeleke mtu Newala akamfagilie nyumba. Mama alikuwa benchini anachambua mchicha, simu kaweka sauti kubwa kama kawaida yake.

"Nirudi wapi tena? Mie nipo kwangu hapa. Ile mpe mwanao aliyeoa, akae."

Kwangu, amesema. Nilikuwa nyuma yake kwenye mteremko na mwiko mkononi, machozi yananitoka. Sikuingia. Wali ulikuwa unashika chini, nikarudi jikoni.