Kidingapopo Hakimo Kwenye Orodha

Mpumudde, Jinja

Afande Baba,

Wiki nzima nimekuwa nakugombeza kichwani, nikiosha vyombo, nikiwa juu ya boda boda, nikiwa mbele ya kompyuta. Nimeona bora niandike, yanitoke. Naandika Kiswahili kwa sababu wewe Mteso, mama Mgisu, nami nimezaliwa kwenye kota za jeshi. Hatukuwa na lugha nyingine ya kugombana. Watu wa mtaani bado wanasema hii ni lugha ya wezi na wanajeshi. Waseme.

Unakumbuka siku uliyokuja ofisini kwangu na jani kavu ndani ya gazeti? Nilikuwa nimekueleza kazi yetu: tunakusanya majani ya dawa ya Busoga na Bugisu, mimi nayaingiza kwenye kompyuta moja moja, disketi zinapelekwa ng'ambo, na huko mashine kubwa inajaribisha kemikali za kila mmea dhidi ya ugonjwa, kwenye skrini tu, kabla mtu hajachemsha chochote. Ulicheka ukasema, "Basi huyo ni mganga asiyenuka moshi." Kesho yake ukavaa koti lako la harusi ukaja. Ulisimama wima mbele ya bosi wangu kama uko gwaride, ukatoa ripoti: jani hili ni dawa ya kidingapopo.

Bosi hata hakukuangalia wewe, aliniangalia mimi. "Kidingapopo ndio nini? Hiyo Kiswahili ya majeshi weka kando. Andika malaria."

Ulimweleza kwa adabu. Ulisema ulipokuwa askari kijana Mombasa homa hiyo ilikuangusha, macho yanauma kwa nyuma, mifupa kama inavunjwa, na wenyeji ndivyo walivyoiita. Ukasema miaka ya baadaye ilikupata tena Mbale na jani hili likakuinua. Bosi akawa anaangalia saa yake. Kwenye fomu yetu homa zote zilikuwa na namba moja, namba ya malaria. Nikaandika malaria. Mimi, kwa vidole vyangu. Na nilicheka kidogo, uliniona.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, ukaja kunitembelea na homa ikakukuta kwangu. Siku ya kwanza tu ulisema, "Hii si malaria, mwanangu. Nipeleke kwa mama yako." Mbale si mbali, asubuhi tungeondoka na mchana tungekuwa tumefika. Nikakuambia mzee mzima huwezi kumlilia mke kwa sababu ya homa. Kliniki walisema malaria bila hata kukutoboa kidole. Nikakununulia klorokwini, na maumivu yalipozidi nikakupa asprini, mbilimbili, asubuhi na jioni. Ufizi ukaanza kutoa damu. Siku ya sita nilikuwa stendi natafuta gari litakalokubali kubeba maiti.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita ilikuja barua kutoka ng'ambo: tafuteni kwenye orodha yenu mimea yote inayotumika kutibu dengue. Sikuijua dengue ni mdudu gani. Nikafungua kitabu kikubwa cha utabibu cha bosi. Maumivu nyuma ya macho. Mifupa. Damu kwenye ufizi. Mgonjwa asipewe asprini. Nilisoma mstari huo mara nyingi, Baba, sitakuficha. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, wameandika kwamba jina lenyewe huenda lilitoka kwenye Kiswahili, kidinga. Neno lako! Lilikuwa limekaa rafuni nyuma ya mgongo wa yule mtu siku ile anakudharau.

Nikaandika dengue kwenye kompyuta, nikabonyeza. Mimea iliyopatikana: sifuri.

Nilimfokea bosi mbele ya ofisi nzima mpaka askari wa getini akaja kuchungulia. Yeye siku hizi wasiwasi wake ni mwaka elfu mbili tu, eti ukifika mashine zote zitachanganyikiwa. Nikamwambia zimeshachanganyikiwa, na mimi na yeye ndio tuliozichanganya. Akasema habadilishi orodha kwa ajili ya kilio cha mtu mmoja. Basi nikakaa siku nne kwenye kiti changu sigusi herufi hata moja. Ya tano akasalimu amri: lete mmea wenyewe, mbichi, na maua yake, tujue ni mmea gani. Gazeti lako walishalitupa.

Jumamosi nikaenda Mbale, hasira yote bado juu ya bosi. Nilimkuta mama anamenya matoke. Nikamwuliza kama anajua Afande alikuwa anachuma wapi lile jani.

Alinikazia macho. "Kuchuma? Nani alikuwa nachuma? Mimi nilikuwa naleta kutoka mlimani Wanale, ye alikuwa nakunywa tu."

Kumbe! Jani ni la kwao, alionyeshwa na bibi yake. Wewe hujawahi hata kuliona likiwa shinani. Na kwenye kompyuta, mwisho wa mstari, panaposema aliyetoa habari, nimeandika Sajini Okiror, mstaafu. Ulisimama pale na koti lako ukapokea heshima, na mkeo hukumtaja hata kwa bahati mbaya. Baba, uliposema nikupeleke kwa mama, nilidhani unadeka. Ungesema mama ndiye mwenye dawa, labda ningesikia. Labda. Ulishindwa kutamka maneno matatu, "ni la Nambozo," hata ukiwa unakufa?

Sisemi lingekuponya. Huenda mashine itasema jani la mama halizidi majani ya chai. Lakini waseme baada ya kulipima.

Mama alinipandisha Wanale siku ileile, yeye mbele na miguu yake ya uzee, mimi nyuma nahema. Alinionyesha bila kusita. Maua yake ni madogo, meupe, yananuka vibaya. Tulichuma ya kutosha, tukashuka tukala matoke yaliyopoa.

Jana nimeurekebisha ule mstari. Ugonjwa: kidingapopo, na pembeni dengue. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu. Kisha nikafika mwisho nikafuta jina lako, herufi moja moja, nalia kama mtoto. Nikaandika Aida Nambozo.

Nakukasirikia, na ukirudi leo ningekukumbatia kwanza ndipo nikugombeze. Pumzika, Afande. Disketi inaondoka Jumatatu. Nakuahidi nitalidai jibu mpaka lije, hata ikichukua miaka, na likija, liwe zuri au baya, nitalibeba mpaka Mbale nimsomee mama kwa sauti. Kaburini kwako nitapita baadaye. Safari hii yeye kwanza.

Mwanao,
Amongin