Zamu Yangu Kwenye Usukani

Kaka,

Chakula kiko kwenye sufuria, kipashe moto. Usukani wa gemu usiuwekee nguvu zote. Mota yake inauzungusha moja kwa moja bila mkanda, itaing'oa meza miguu.

Hayo niliyasoma mimi, jioni baada ya jioni, mpaka nikapata huu wa bei tunayoiweza. Leo asubuhi nimeomba zamu, ukawaambia rafiki zako, "Huyu mwacheni achague vifaa. Akiendesha yeye, tutaishia ukutani!" Mkacheka. Na mimi nikacheka, kwa aibu tu.

~~Si kitu, nimeshasahau.~~

Sijasahau. Usukani uliununua wewe, baki nao. Pedali nilizinunua mimi, na nimekwenda nazo kazini. Haya, kanyaga mafuta.

Dada yako