Boksi la Tano

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Troyeville tu wazima, bibi yako bado ananishinda kelele. Unauliza kwa nini risasi zako ndogo za shabaha zinatawanyika ukilenga umbali wa mita mia mbili. Nunua maboksi yenye namba ileile ya kiwandani; risasi zilizotengenezwa pamoja huruka sawa.

Ujanani nikiuza katika duka la risasi la Midrand, mzee mmoja wa mashindano ya shabaha alitaka matano ya hivyo. Nilikuwa na manne. La tano nikachukua boksi tupu la namba hiyo, nikalijaza risasi za namba nyingine. "Mapacha watano, mzee!" nikamwambia. Tukacheka.

Jumatatu, baada ya mashindano, akarudi. "Kwa boksi la mwisho nilikosa kabisa. Mkono umezeeka, kijana. Naacha." Akanipa mkeka wake wa kulalia akilenga.

Eish, Neema, mdomo wangu wote huu, nikasema tu, "Sharp, mzee, sawa," nikaupokea.

Ukikosa, kagua boksi kabla hujaulaumu mkono wako.

Babu yako, mwenye aibu